Migunga Ikidondosha

Jirani yangu anajenga. Tangu juzi wanawake wanaponda kokoto nyuma ya ukuta wangu, na upepo ukigeuka, harufu ya jiwe lililopasuliwa sasa hivi inaingia hadi jikoni. Sijui kama ninyi wenzangu mnaijua harufu hiyo. Si ya vumbi wala si ya moto, ingawa ina kidogo cha vyote viwili. Jana nilichukua kigoda nikaenda kukaa karibu nao, nikawa navuta pumzi kama mtu anayenusa chungu cha watu. Fundi mmoja kijana akaniuliza, "Shikamoo bibi. Unatafuta kitu?" Nikamwambia naota jua. Alinitazama kwa ile huruma ambayo vijana wanatutazama nayo siku hizi, wakishatuhesabu kwamba akili zimeanza kutuaga. Nikamwacha na huruma yake. Ningemweleza vipi kwamba nilikuwa namtafuta mama?

Nilizaliwa upande wa Mungaa, enzi za Mwingereza, katika tembe la baba lililokuwa na bibi, mama, mbuzi na moshi chini ya paa moja. Babu alikuwa ameshakufa, lakini bibi aliendelea kuniita mke mwenzake na kunigombeza kwamba nakula sana mali ya mume wetu. Mama yeye hakuwa msemaji. Ninachokikumbuka zaidi ni mikono yake. Akitoka kisimani alikuwa ananipaka kiganja cha maji usoni, bila kuniambia kitu, halafu anapita ndani na mtungi wake. Maji yalikuwa ya baridi na kiganja kilinuka samli. Nilikuwa najifanya nimeudhika, najipangusa kwa nguvu, kumbe nilikuwa namngoja pale mlangoni kwa ajili hiyo hiyo.

Kikohozi kilimwanza wakati wa kupalilia. Mwanzoni alikuwa anakigeuzia ukutani, kama mtu anayeona haya. Mazao yalipokwisha kuvunwa alikuwa hawezi tena kuinua mchi, na mwisho wa kiangazi baba akaamua kumpeleka hospitali ya misheni, kule Kilimatinde. Walipata nafasi kwenye lori la mnunuzi wa ngozi. Mama akapandishwa juu ya mzigo wa ngozi za mbuzi, akajifunika kaniki mpaka puani kwa sababu ya uvundo. Lori lilipoanza kuondoka niliukimbilia moshi wake nikilia, nikataka kujua atarudi lini. Bibi alinishika mkono akasema, "Nyamaza, mke mwenzangu. Atarudi migunga ikidondosha."

Lazima niwaeleze wale ambao hawakukulia kwetu. Hatukuwa na kalenda ukutani. Tulikuwa na miti. Mtu akikuuliza lini, unamtajia mti. Fulani alizaliwa furu zilipokuwa zinaiva, fulani aliolewa wakati wa ukwaju, tutaezeka upya migunga ikidondosha. Hapo ni katikati ya kiangazi, majani ya malisho yameisha, na migunga inaangusha maganda yake makavu yenye mbegu ndani. Maganda hayo ndiyo yaliyokuwa yanawaokoa mbuzi. Tulikuwa tunaiangua migunga kwa upembo, ule mti mrefu wenye kulabu, na mbuzi wanakuja mbio wakisikia tu matawi yanatikiswa. Kwa hiyo bibi hakunidanganya wala hakunibembeleza. Alinipa tarehe, na mimi nikaipokea hivyo.

Mgunga wetu ulikuwa nyuma ya zizi. Nilianza kuutazama siku ile ile, ingawa maganda yake ya mwaka huo yalikuwa yameshaliwa yote. Niliutazama mvua zilipochelewa. Zilikuja chache, zikachezea vumbi, zikaondoka. Mgunga ukatoa maua kwa kusitasita, nami nikafurahi, kisha jua likayakausha yakapukutika kabla ya kufunga hata ganda moja. Mtama ulikufa ukiwa magotini. Watu wazima walizungumza juu ya njaa, na mimi nilizungumza na ule mti. Niliutukana, niseme ukweli. Nilijua matusi machache wakati huo lakini niliyatumia yote.

Kiangazi kilichofuata ndipo alipokuja yule Mzungu mwanamke.

Mwendo kidogo kutoka kwetu kulikuwa na mashimo yaliyochimbwa na watafuta almasi. Almasi hawakuipata, wakaondoka, wakatuachia mashimo ambayo mbuzi walikuwa wanatumbukia. Yeye hakutaka almasi. Alipiga hema, akaajiri vijana wachache, na mmoja wao alikuwa mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa amewahi kufanya kazi kwa Wazungu reli ya Manyoni na kwa hiyo ndiye aliyefanywa mdomo wa wengine. Mimi nilikuwa napeleka uji wa mjomba adhuhuri. Kazi yenyewe ilikuwa ya ajabu. Walikuwa wanatoa shimoni mawe ya rangi ya kijivu yaliyopangana tabaka juu ya tabaka, wanayaweka kivulini, halafu Mzungu anakaa chini kwenye turubai, miguu ameikunja kama mwanamke anayechambua mlenda, anaingiza kisu chembamba ubavuni mwa jiwe na kugonga kidogo kidogo. Jiwe linafunguka. Ndipo ilipokuwa inatoka ile harufu.

Kijijini walisema anatafuta rupia za Wajerumani. Wengine wakasema ni mwendawazimu, ndugu zake wamempeleka mbali asiwaaibishe. Mjomba alisema anatafuta matunda. Jibu hili liliwachekesha watu kuliko yote, mwaka ule wa njaa, mtu na akili zake kwenda kutafuta matunda ndani ya mawe.

Lakini ni kweli. Siku moja nilipokuwa nimechuchumaa karibu naye, jiwe lilifunguka na ndani yake nikaona ganda. Ganda refu, bapa, la kahawia, na mbegu zimejipanga ndani zikiinua tumbo lake, kikonyo bado kipo. Nililijua mara moja. Nani kwetu asingelijua? Lilikuwa ganda la mgunga, limeiva kabisa, la kupewa mbuzi siku hiyo hiyo.

Nikapiga kelele. "Mjomba! Limedondoka lini hili?"

Mjomba akamuuliza Mzungu kwa Kiingereza chake cha relini. Yule mama akafurahi kuulizwa, nadhani kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuwa anamuuliza kitu zaidi ya posho. Akanijibu mwenyewe kwa Kiswahili.

"Hii nadondoka zamani. Zamani kabisa. Hapa iko ziwa, iko miti mingi, mingi sana. Matunda naanguka kwa maji, matope nafunika. Sasa nakuwa mawe."

Kiswahili chake kilikuwa hakina mwenyewe, na changu hakikuwa bora, kwa kuwa nyumbani tulisema Kinyaturu na Kiswahili nilikiokota kwa mjomba. Pengine ndiyo maana tulielewana. Alichukua jani lililokuwa kwenye jiwe jingine akaniwekea kando ya lile ganda, akaendelea kumwambia mjomba, na mjomba akanifasiria: majani ya miti mingi yanafanana, mtu anaweza kukosea. Tunda ndilo linaloonyesha ukoo wa mti. Akilipata tunda anajua mti ule ulikuwa wa ukoo gani, na akijua miti anajua msitu, na akijua msitu anajua mvua ilikuwa inanyesha vipi hapa petu, kabla ya watu.

Nilisikia maneno yote na sikuyaelewa. Nilielewa moja tu: zamani. Kwangu mimi zamani ilikuwa ni wakati mama alipokuwa nyumbani. Hapakuwa na zamani nyingine. Basi kama migunga ilikuwa imedondosha zamani, na sisi hatukujua kwa sababu tulikuwa tunautazama ule mti mkaidi wa nyuma ya zizi, tarehe ya mama ilikuwa imeshafika. Kilichobaki ni kumwonyesha bibi.

Nikaomba nipewe lile jiwe. Mzungu akatikisa kichwa kwa upole. Akasema ni zuri sana, ni lazima liende Ulaya likalinganishwe na matunda ya miti iliyo hai. Nikaomba tena kesho yake. Nikaomba kila nilipopeleka uji. Nilimchotea maji bila kutumwa, nikamfukuzia nzi, nikamletea hata yai ambalo bibi alikuwa analitafuta. Alilipokea yai, akanishukuru sana, na jiwe hakunipa. Nilimchukia kwa moyo wote.

Katikati ya mambo hayo baba akarudi peke yake kutoka Kilimatinde. Nilimkuta ameketi uani, amekonda, kichwa kimenyolewa kinang'aa. Nikamwamkia, kisha nikatazama nyuma yake, nikatazama na njia.

"Mama yuko wapi?"

Baba alimtazama bibi. Bibi akasema, "Mama yako bado yuko safarini." Baba akainuka akaenda kwa mbuzi, ingawa mbuzi walikuwa machungani.

Wakaja watu wengi siku hiyo, wakaketi uani na baba. Nikadhani wamekuja kumpa pole baba kwa uchovu. Bibi aliniambia nikalale kwa jirani, na niliporudi kichwa cha bibi nacho kilikuwa kimenyolewa. Nikaangua kicheko, maana alikuwa na kichwa kidogo kuliko nilivyofikiri. Akaniita, akanikalisha kati ya magoti yake, akaninyoa na mimi.

"Chawa," akasema. "Baba yako ametuletea chawa wa hospitali."

Niliamini. Nilijikuna hata mahali pasipowasha. Ninyi mnaosoma mmeshajua, na kila mtu pale uani alijua, isipokuwa mimi niliyekuwa nimekaa katikati yao nikinyolewa. Kwetu mtoto hakuwa anaambiwa msiba wa mamaye. Aliambiwa amesafiri, akaachwa akue mpaka ajue mwenyewe. Sisemi walikosea. Kuna siku nawalaumu na kuna siku nawashukuru, na siku zenyewe zinafuatana.

Nilipokwenda tena mashimoni nilimkuta mjomba naye ana upara. Nikamcheka, "Chawa wamefika hadi huku!" Hakucheka. Alikwenda kwa Mzungu akasema naye kwa sauti ya chini, na yule mama akaacha kisu chake akanitazama, muda mrefu, kisha akatazama kando. Akaniita. Alifungua sanduku, akatoa lile jiwe langu, na jingine lililokuwa limefungwa nalo. Nilikuwa sijaelewa kwamba jiwe likipasuliwa hivyo linatoa pande mbili: upande mmoja unabaki na tunda, na upande wa pili unabaki na alama ya mahali tunda lilipokuwa limelala, na kila mbegu imeacha shimo lake. Alilirudisha sandukuni lile lenye tunda. Lenye alama akaniwekea mikononi, akanifumba vidole juu yake.

"Pole, mtoto," akasema.

Nilidhani ananipa pole kwa kubeba maji. Nilidhani yai ndilo lililomlainisha.

Nilikimbia njia nzima. Bibi alikuwa anakoka moto.

"Bibi, migunga imedondosha!"

"Wapi?"

"Kule mashimoni. Imedondosha zamani, sisi hatukujua."

Nikampa jiwe. Alilipeleka kwenye mwanga wa mlango, akapitisha kidole juu ya vile vishimo, kimoja kimoja.

"Hii ni alama tu, mke mwenzangu. Tunda lenyewe liko wapi?"

"Mzungu amelichukua. Lakini liliiva, bibi, tazama mbegu zake zilipokaa. Mama amechelewa njiani. Tumtume baba akamtazame."

Bibi alilipangusa jiwe kwa upindo wa kaniki yake, akalipangusa tena, ingawa lilikuwa safi. Kisha akanirudishia.

"Huu ni mgunga wa watu wengine," akasema. "Hao wenyewe walishapata wageni wao. Sisi tutangoja wa kwetu."

Sikumkubalia. Kesho yake nilijipeleka barabarani, pale lori la ngozi linapopunguza mwendo, na jiwe langu nimelifunga kiunoni, nikakaa. Nilitaka mama akishuka nimwonyeshe kwamba mimi nilikumbuka tarehe hata kama wao wamesahau. Lori lilipita likiwa na ngozi peke yake. Jioni mjomba alinikuta pale, akaniinua akaniweka mabegani, ingawa nilikuwa nimeshapita umri wa kubebwa. Shingo yake ilikuwa inatetemeka chini yangu. Nikamwambia anishushe, mimi ni mzito. Akasema hapana, si mzito.

Mzungu aliondoka kabla ya mvua. Alifunga matunda yake moja moja ndani ya magazeti na majani makavu, akayapanga kwenye masanduku kama mayai. Siku ya mwisho alimwambia mjomba jambo ambalo lilinikaa kichwani. Alisema miongoni mwa miti ile ya mawe kulikuwa na mingine ambayo ukoo wake haupo tena huku kwetu. Ndugu zake wako mbali magharibi, kwenye misitu ya mvua, wanazaa huko mpaka leo. Huku mvua ilipopungua, miti yenyewe ilitoweka.

"Muulize kama itarudi," nikamwambia mjomba.

Mjomba alianza kufunga kamba ya sanduku. Swali langu hakulipeleka, na Mzungu aliondoka bila kulisikia.

Mwaka uliofuata mvua zilinyesha kweli. Mgunga wa nyuma ya zizi ulichanua mpaka nyuki wakausikia kutoka mbali, na safari hii maua yalifunga. Maganda yalitoka ya kijani, yakarefuka, yakavimba mbegu. Sikuwahi kuwa na furaha kama hiyo, na sijapata nyingine mfano wake. Nilikuwa nafagia ua bila kuambiwa. Nilimwambia kila mtu mama anakuja, na watu walikuwa wanasema "eee" na kunipa vitu, kiazi, kipande cha boga, na mimi nikaona kumbe dunia ina watu wema.

Kiangazi kikaingia. Maganda yakawa ya kahawia, upepo ukipita yanachakacha. Nikaamka kila asubuhi kwenda kutazama chini ya mti, na kila asubuhi palikuwa patupu. Hata ganda moja. Juu yalikuwa yanapungua, ninaona kwa macho yangu, lakini chini hakuna kitu, udongo umefagiwa safi.

"Mwaka huu ni magumu kudondoka," bibi alisema. "Yanaliwa na ndege."

Siku hizo bibi alikuwa analalamika mgongo, na vidole vyake vilikuwa vimechomwa chomwa na miiba. Akasema ni kuni. Mbuzi wetu walikuwa wamekonda kuliko mbuzi wa majirani.

Ndani ya tembe kulikuwa na vihenge vya kuwekea nafaka, na kimoja kilikuwa cha mama. Tangu aondoke hakikutiwa kitu. Kuku wetu mmoja alikuwa na tabia ya kutaga mafichoni, na asubuhi moja bibi akiwa kisimani nilipanda juu ya kihenge hicho kumtafutia mayai. Nikasukuma kifuniko. Kilikuwa kimejaa hadi mdomoni. Nilidhani ni mtama, nikaingiza mkono. Yalikuwa maganda ya mgunga, makavu, yameiva, yale ya mwaka huo, hayajaguswa na mbuzi hata mmoja.

Nilikaa pale juu na mkono wangu ndani. Hakuna aliyeniambia, na sikuhitaji kuambiwa. Kichwa cha baba, kichwa cha bibi, changu, cha mjomba, shingo iliyotetemeka, pole ya Mzungu, viazi vya majirani, vyote vilikuja vikakaa mahali pake. Mama yangu alikuwa amekufa. Na bibi yangu, mwanamke mzee mwenye mgongo mbovu, alikuwa anaamka kila alfajiri kuyaokota maganda yote kabla mimi sijaamka, ili tarehe isifike.

Nilirudisha kifuniko. Siku hiyo sikulia. Nilitaka kumuuliza, na nilijua nikimuuliza itambidi aseme, na niliona wazi kwamba kusema hakuwezi. Basi nikanyamaza, nikala uji wangu, nikaenda machungani na mbuzi wetu waliokonda. Nilikuwa namtaka mama kuliko nilivyowahi kumtaka. Bado namtaka, na mimi sasa ni mkubwa kuliko alivyowahi kuwa.

Kesho yake nilimsikia bibi akiinuka, nikamfuata. Kulikuwa hakujapambazuka sawasawa. Alikuwa amepiga magoti chini ya mgunga, ungo kando yake, anapapasa udongo kwa mikono miwili. Usiku upepo ulikuwa umevuma na maganda yalikuwa mengi, yametapakaa hadi ukingoni mwa zizi, zaidi ya yale ambayo angeweza kuyamaliza peke yake kabla ya jua. Alipogeuka akaniona, aliganda pale pale, ganda moja mkononi.

"Bado haijadondosha, bibi," nikamwambia.

Nikapiga magoti upande wa pili wa ungo, tukaanza kuokota.